Nilimtoa Mdudu Karantini, Kisha Nikamsamehe Mke Wangu

Kabla hujaanza kunipa pole, subiri kwanza. Mwenye makosa hapa ni mimi, na sitafuti wa kunisaidia kuyabeba. Mke wangu hakukosea. Kompyuta haikukosea. Hata yule mwizi aliyeko sijui nchi gani alikuwa anafanya kazi yake ya wizi kama kawaida. Aliyemfungulia mlango ni mimi, tena nilimfungulia nikitabasamu.

Mimi ni mtu wa Garsen. Jina liache, mji wetu ni mdogo na maneno yana miguu. Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe, nami ni dalali wa ng'ombe. Mke wangu, tumwite Mama Amina, ni mtoto wa wakulima wa Hola, watu wa mtoni, wale wanaopanda leo na kungoja miezi bila kunung'unika. Nilimwoa akiwa anajua kompyuta. Mimi wakati huo nilijua kuwasha redio.

Kazi yake aliifanyia nyumbani, kwenye mtandao. Anavaa vile vidude vya masikioni, anasikiliza rekodi za mikutano ya watu wa ng'ambo wanaoongelea puani, kisha anaandika neno kwa neno waliyosema. Kampuni iliyompa kazi hajawahi kumwona mtu wake hata mmoja. Nao walimjua kwa akaunti yake tu na nyota alizopewa na wateja. Nyota hizo alizikusanya tangu Amina yuko mgongoni. Ukiwa mgeni unapewa rekodi za watu wanaokohoa na kukatizana, hata wao wenyewe hawajui wamesema nini. Ukiwa na nyota nyingi unapewa rekodi safi, ya watu wenye adabu, wanaosema mmoja mmoja. Mama Amina alikuwa amefika huko. Akaunti ile ilikuwa shamba lake, na ndiyo niliyoichoma.

Kompyuta ilikuwa moja, ya nyumba nzima, ila masharti yalikuwa yake. Mchana anafanyia kazi yeye, jioni naruhusiwa kuangalia habari na video za mafahali. Aliweka antivairasi, ile programu ya kinga, na akanifungulia upande wangu ambao haukubali kuwekwa kitu kipya mpaka uandike neno lake la siri. Neno hilo alinipa mwenyewe, ikitokea dharura naye yuko kwao. "Usiweke programu yoyote bila kuniuliza," aliniambia. Nikasema sawa. Kusema sawa ni kazi ninayoiweza vizuri sana.

Sasa nikueleze habari ya karantini, la sivyo utadhani mimi ni mjinga wa kawaida.

Huku kwetu karantini ni neno la ng'ombe. Ukiingia ugonjwa wa miguu na midomo, daktari wa mifugo anatangaza karantini, soko linafungwa, na hakuna mnyama kutoka wala kuingia mpaka atangaze tena. Kwa dalali huo ni msiba. Baba yangu alikuwa na msemo wake: "Karantini ni ya ng'ombe wa jirani." Ng'ombe wetu, kwa macho yake, walikuwa wazima daima. Soko likifungwa yeye alizunguka na njia za porini, akatokea upande wa Tarasaa na ng'ombe wake na kicheko chake. Nikakua nikiamini kwamba karantini ni neno la mtu wa ofisi anayetaka kukusumbua, na mwanamume mwerevu hutafuta njia ya nyuma.

Basi siku moja dada yake Mama Amina alijifungua huko Hola. Mama Amina akamchukua mtoto akaenda kumwangalia. Nikabaki mimi, kompyuta, na mechi kubwa ya jioni ambayo kuiona kunataka ulipie. Sokoni jamaa mmoja, anayejua kila kitu isipokuwa bei ya ng'ombe, akaniambia kuna programu inaonyesha mechi zote bure. Bure! Mwambie dalali neno hilo halafu umwangalie anavyosimama wima.

Nikaitafuta, nikaishusha. Haijafika hata kufunguka, kompyuta ikapiga kengele, kikatokea kibao chekundu. Kiingereza changu si kirefu, lakini nilisoma taratibu nikaelewa: faili hii ni hatari, imewekwa karantini.

Ndugu yangu, nilicheka peke yangu sebuleni. Yaani hata humu ndani mmeingia?

Ungekuwa wewe, mtoto wa mwalimu au wa mvuvi, labda ungeogopa. Mimi nilikasirika. Nilimwona daktari wa mifugo amekaa ndani ya ile kompyuta na koti lake jeupe. Tovuti yenyewe ilikuwa imeshajiandaa kwa watu kama mimi. Iliandika kwamba programu za kinga zina wivu, hukamata hata vitu vizuri, kwa hiyo ingia sehemu ya karantini, itoe faili, bonyeza uiruhusu, halafu uzime kinga isije ikakusumbua tena. Njia ya porini, imechorwa na mishale. Nikaulizwa neno la siri la mke wangu. Nikaliandika.

Mechi ilionekana safi sana. Wiki hiyo sebule yangu ilijaa wanaume, wengine nikiwa siwajui hata majina, wamevua viatu mlangoni na kukaa chini kwa adabu. Nilikaa katikati yao kama bwana harusi. Mmoja akaniita injinia. Sikumsahihisha.

Mama Amina aliporudi, kompyuta ilikuwa inanguruma. Feni yake haikupumzika hata ikiwa imeachwa tu mezani. Bando la mtandao, ambalo zamani lilitutosha, likawa linaisha kama maji kwenye mchanga. Rekodi zake zikawa zinakatika katikati ya sentensi.

"Baba Amina, uliweka kitu humu?" aliniuliza.

"Kitu gani? Ni joto la Garsen hilo. Hata mimi nanguruma."

Akacheka. Huo ndio uongo wa kwanza, na kilichonisaidia ni kwamba alinipenda na aliona nachekesha.

Mama yangu anaishi ua wa pili. Alipopata habari kwamba mashine ya mkamwana inanguruma, akasema ni jicho. Watu wamemwona mwanamke amekaa kwenye kiti na kazi inamfuata nyumbani, wamemtupia jicho. Akaja na chetezo cha ubani, akakizungusha juu ya kompyuta. Feni ikauvuta moshi wote kwa upande mmoja na kuutoa kwa upande mwingine. Kompyuta ikazima. Tulipoiwasha tena ikawa kimya kwa muda, Mama akatangaza imepona. Nilishukuru kwa sauti kubwa kuliko wote waliokuwepo, kwa sababu jicho lilikuwa linanifaa. Jicho halina mwenyewe.

Kisha kampuni ya ng'ambo ikaanza kumwandikia. Mara akaunti yake imefunguliwa kutoka nchi ambayo hata hatujui iko bara gani. Mara mtandao wa nyumba yetu unatuma takataka kwa watu na kujaribu kuvunja milango ya akaunti zao. Mama Amina akabadilisha neno la siri. Akalibadilisha tena. Kila mara alilibadilishia kwenye kompyuta ileile, na mwizi amekaa humo humo anamsomea vidole. Mimi nilikaa pembeni nikimwambia asubiri, mambo ya mtandao hujitengeneza yenyewe.

Hayakujitengeneza. Asubuhi moja alifungua akaunti akakuta haifunguki. Wamemfungia moja kwa moja. Nyota zote, wateja wote, kazi iliyokuwa katikati, vyote vimekwenda. Aliwaandikia, akajieleza, akabembeleza. Wakamjibu kwa upole kwamba uamuzi hautabadilika.

Sasa nakuja kwenye ungamo lenyewe, kwa sababu hayo ya juu ni ujinga tu, na mjinga husamehewa.

Alikuja kunikuta jikoni. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nangoja chai. Akapiga magoti mbele yangu, mke wangu, ambaye kwa kawaida hapigii magoti kitu isipokuwa swala na jiko. Akasema zamani kidogo alipokea barua pepe iliyodai kuna kifurushi chake posta, akaifungua, akabonyeza, halafu ikamjia kwamba hakuagiza kifurushi chochote. "Nadhani ni mimi niliyeingiza huo ugonjwa," alisema. "Nimekuharibia nyumba. Nisamehe, Baba Amina."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Sentensi moja tu ilitosha. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Yashapita, mke wangu. Kila mtu hukosea. Mimi nimekusamehe."

Akanishukuru. Alinishika mkono akaubusu, akalia. Mama akawa ameshafika na maoni yake: "Mashine imekushinda, binti yangu, sasa kaa ulee mtoto." Nami nikanywa chai yangu. Ilikuwa na tangawizi. Nakumbuka ilikuwa tamu, na hilo linanichukiza mpaka leo.

Nilipokuwa mdogo, baba aliwahi kupitisha ng'ombe wakati wa karantini, na ng'ombe wale walilala kwa jirani yetu mmoja njiani. Ndama wa yule jirani wakafa wote. Baba akaenda kumpa pole, akanichukua na mimi. Alikaa mkekani akitikisa kichwa, akisema dunia imeharibika, magonjwa yamezidi. Nilijua, naye alijua kwamba nilijua. Siku ile jikoni nilitikisa kichwa kwa namna ileile.

Mama Amina si mtu wa kukaa akaangalia shamba limeungua. Alitaka kuanza upya na kampuni nyingine, ila akasema hagusi kitu mpaka ajue ni mdudu gani na aliingilia wapi. Nikamwambia tuuze kompyuta tununue nyingine. Akashangaa, kwa sababu mimi si mtu wa kununua kingine. Akamwita fundi.

Fundi mwenyewe ni kijana mmoja wa Malindi aliyefungua kibanda hapa Garsen, mwenye mapenzi makubwa na sauti yake. Alikaa na kompyuta asubuhi nzima, akiongea bila kumeza mate.

"Buda, hii mashine yenu imeandikwa kazi," aliniambia. "Kuna mtu yuko mbali ana maelfu ya kompyuta kama hii, zote za majumbani kwa watu. Yeye anatoa amri, zote zinafanya. Kutuma takataka, kushambulia, kuiba maneno ya siri. Sisi tunaita botneti. Wenyewe mnaona tu feni inanguruma."

Nilimwelewa haraka kuliko alivyotaka. Ng'ombe analala zizini kwako, anakula nyasi zako, anakunywa maji yako, lakini anayemkamua ni mtu mwingine. Nilimwambia hivyo, akafurahi, akasema atalitumia kwa wateja wengine.

"Na uliingia kwa ile barua ya posta?" Mama Amina aliuliza. Alikuwa amesimama na sinia ya chai.

"Hapana, shemeji. Hiyo barua ilikuwa ya bure, kinga iliizuia hapo hapo. Huyu mdudu alikuja na programu ya mpira." Fundi akavuta kiti. "Na hata yeye kinga ilimkamata. Ilimweka karantini kabisa. Halafu mtu akamtoa."

"Akamtoa?"

"Akamtoa, akamruhusu, akazima na kinga. Hawezi kujitoa mwenyewe, lazima mtu abonyeze."

Mama Amina aliweka sinia mezani. Hakumwuliza fundi ni nani. Hakuhitaji. Ameishi katika ukoo wetu, amesikia hadithi za baba yangu kwenye kila harusi na kila matanga, hadithi tunazosimulia kwa kicheko. Alinigeukia akaniangalia.

"Karantini ni ya ng'ombe wa jirani," alisema.

Fundi akacheka, akidhani ni mzaha wa nyumbani. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Alingoja fundi amalize kazi, akamshukuru, akamsindikiza mlangoni. Aliporudi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Siku ile jikoni, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Alifunga nguo zake na za Amina, akachukua kompyuta. Aliniambia anakwenda Hola kwa dada yake, atafanyia kazi huko kwenye mtandao safi. Nikamwuliza kama ananiacha. "Sijakuacha," alisema. "Umewekwa karantini. Safari hii usitafute njia ya porini." Nikauliza mpaka lini. Akasema daktari wa mifugo huwa hasemi mpaka lini, husema mpaka ugonjwa uishe. Na wewe unayesoma kama unataka kucheka, cheka, hata mimi ningecheka kama ingekuwa nyumba ya mwingine.

Sasa nikuonye, maana ndiyo sababu nimeandika. Kinga ya kompyuta ikikamata kitu, kiache kilipo, hata kama kimekuahidi fainali ya dunia. Ikikuambia inataka apdeti, ipe apdeti. Usililie bando, mwizi atalila lote. Kitu kikisema kwanza uzime kinga ndipo kifanye kazi, hicho ni mgeni anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia. Ukishaona mashine inanguruma bila kazi, usibadilishe neno la siri kwenye mashine hiyo hiyo. Tafuta nyingine iliyo safi, kisha ile inayougua mpelekee fundi aifute ianze upya. Na neno la siri la mke wako, hata akikupa mwenyewe, si la mpira. Ubani nao uacheni, unaziba feni.

Nilimwambia Mama ukweli. Hakunipiga, mikono yake imechoka siku hizi, ila nadhani ilimwuma kwamba imechoka. Alijitanda mtandio wake akaenda barabarani kungoja gari la Hola, mwanamke ambaye miguu inamsumbua hata kwenda kisimani. Neno baya alilomwambia mkamwana, lile la mashine kumshinda, lilikuwa moja tu, tena alilisema kwa kutojua. Wanasema aliomba radhi akiwa bado amesimama kizingitini, na Mama Amina akamkumbatia kabla hajavua viatu.

Mimi nimekwenda Hola mara nyingi. Napokewa vizuri. Napewa chai, Amina ananirukia shingoni, shemeji zangu wananiuliza bei ya ng'ombe. Mama Amina ameanza upya kabisa kwenye kampuni nyingine, na ukikaa sebuleni unamsikia akirudia rudia rekodi moja, mtu anakohoa, mwingine anamkatiza, naye anajaribu kusikia wamesema nini. Nikimwona hivyo natamani ardhi inimeze. Mara ya mwisho nilisubiri amalize, nikapiga magoti kwenye mkeka wa dada yake, mbele za watu, nikamwomba msamaha.

Akaniinua. "Kompyuta nilikusamehe siku ileile," alisema. "Mpira pia, mtu hupenda mpira. Hata uongo wa feni nilikusamehe. Lakini mimi nilikuomba radhi, Baba Amina. Nilipiga magoti. Na wewe ukaniambia umenisamehe."

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema hajui, kama angejua angeniambia.

Kwa hiyo kama na wewe unacho kitu cha namna hii nyumbani kwako, cha kompyuta au cha chochote, kiseme leo hata kama utaonekana mjinga. Kiseme kabla asiye na kosa hajaja kukupigia magoti.